Kwa nini mtambo wa Geneva hauwezi kuimaliza dunia

Mwanzoni mwa Julai 2022, Idi ya kuchinja ikiwa imebakisha siku chache, mtoto wa kaka yangu alikataa kwenda kwa fundi kupimwa nguo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na si mtoto wa kukataa nguo mpya. Mamake alidhani ana homa. Nilimkuta ameketi peke yake barazani, hapa kwetu Kibokoni, Mombasa, mgongo ameuegemeza ukutani, simu ya dadake iko mapajani. Nilipomuuliza ana nini, alinijibu bila kuniangalia: "Ami, nguo ya nini? Jumanne yawashwa ile mashine. Dunia yamezwa."

Video yenyewe haikufika dakika mbili. Bomba refu la buluu chini ya ardhi, sauti nzito ya mwanamume, tarehe 5 Julai kwa maandishi mekundu, kisha shimo jeusi linalochipuka Ulaya na kupanuka hadi Bahari ya Hindi. Chini yake mtu ameandika kuwa hiyo ni katika alama za Kiyama. Mtoto alikuwa hajapata usingizi wa maana kwa siku mbili.

Watu wa nyumbani walicheka, kwa mapenzi tu, wakamwambia aache kutazama upuuzi. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa naikumbuka Septemba 2008. Mtambo huohuo ulipowashwa kwa mara ya kwanza, vituo vya televisheni vya India vilishinda vikijadili kama dunia itaisha. Msichana wa miaka 16 katika jimbo la Madhya Pradesh alijiua, na babake akawaeleza waandishi kwamba bintiye aliingiwa na hofu kwa kuzitazama taarifa zile. Tangu hapo, mtoto akiniuliza swali hili, naketi.

Jirani yetu, mzee wa makamo aliyekuwa akinywa kahawa yake pembeni, alimwambia kwa upole kwamba Saa ya Kiyama yajulikana na Mwenyezi Mungu peke yake. Ni neno la kweli na lilimtuliza kidogo. Lakini yule mtoto hakuuliza Kiyama ni lini. Aliuliza kama mashine fulani, iliyotengenezwa na watu, inaweza kufungua shimo la kutumeza. Hilo ni swali la fizikia, nami nimeifundisha fizikia miaka mingi. Lina jibu lililo wazi. Tatizo ni kwamba kwa muda mrefu jibu hilo limetolewa kwa lugha isiyomfikia mwenye hofu.

Mtambo unaozungumziwa uko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoundwa na nchi za Ulaya mwaka 1954, karibu na jiji la Geneva. Ni bomba la mviringo lenye mzunguko wa kilomita 27, limelazwa ndani ya handaki, mita kama 100 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Ungelileta hapa, lingekizunguka kisiwa chetu kizima, likapita chini ya Likoni na kuvuka mikono ya bahari pande zote. Ndani yake hewa imenyonywa hadi pasibaki kitu, na miali miwili ya protoni inakimbizwa, mmoja ukienda kushoto na mwingine kulia. Protoni ni kiini cha atomu ya haidrojeni, ile haidrojeni iliyomo katika kila tone la maji. Kila moja inazunguka zile kilomita 27 mara zaidi ya 11,000 kwa sekunde, karibu kabisa na kasi ya mwanga. Kinachozipinda zisitoke njiani ni sumaku kubwa 1,232, kila moja yenye urefu wa mita 15, zilizopozwa kwa heliamu ya majimaji hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Katika vituo vinne miali hiyo inapishanishwa, protoni zinagongana uso kwa uso, na vyombo vikubwa kama jengo la ghorofa kadhaa vinapiga picha ya vipande vinavyoruka.

Kwa nini wagonganishe? Kwa sababu vipande hivyo si vigae vya protoni iliyovunjika tu. Nguvu ya mgongano hugeuka kuwa chembe mpya ambazo hazionekani katika maisha ya kawaida, zinazoishi muda mfupi mno na kutoweka. Ndivyo ilivyopatikana chembe ya Higgs, ile iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, karibu miaka hamsini baada ya Peter Higgs na François Englert kuitabiri kwa karatasi na kalamu. Mwaka uliofuata wazee hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Video za kutisha huchanganya hapa mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe: nguvu ya mwali mzima na nguvu ya mgongano mmoja.

Mwali mzima una nguvu nyingi kweli. Ukijumlisha protoni zote, matrilioni yake, kwa kiwango mtambo ulichosanifiwa, unapata nguvu sawa na treni ya tani 400 inayokimbia kilomita 150 kwa saa. Ukiachwa uponyoke unayeyusha shaba. Mafundi wa kule wanaujua mwali wao vizuri, na wamejenga njia ya pembeni ya kuutupa ndani ya gogo la grafiti pindi tu kitu kikienda kombo. Na mambo yaliwahi kwenda kombo. Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa baada ya mtambo kuwashwa, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili kilikuwa hakikuungwa vyema. Kilipata moto, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, na tani kama sita za heliamu zikatoka kwa kishindo hata sumaku zenye uzito wa zaidi ya tani 30 zikang'oka kwenye vishikizo vyake. Sumaku 53 zilipandishwa juu kutengenezwa, na mtambo ukalala zaidi ya mwaka mzima. Hakuna aliyeumia. Nalieleza hili kwa makusudi, maana mtu akiniambia mtambo ule una hatari namkubalia: una hatari kwa vyuma vyake na kwa atakayeingia handakini wakati usiofaa. Hatari hiyo haivuki kuta za handaki.

Mgongano mmoja ni kitu kingine kabisa. Protoni mbili zikigongana kwa nguvu ya juu kabisa iliyofikiwa, elektronivolti trilioni 13.6, jumla yake haifiki nguvu ya mbu kumi na watano wanaoruka. Nilimwambia mtoto apige kofi. Akapiga. Kofi lile lilikuwa na nguvu kupita mgongano wowote uliowahi kufanyika CERN, mara malaki kwa malaki. Tofauti ni kwamba ile nguvu ya mbu imebanwa ndani ya nafasi ndogo kuliko mbu kwa mara trilioni, na kubanwa huko ndiko kunakozaa chembe mpya. Ni nguvu kidogo ndani ya nafasi finyu mno. Haikusanyiki na migongano mingine ikawa kubwa, kwa kuwa kila mgongano ni tukio lake peke yake na huisha papo hapo.

Sasa lile shimo jeusi limetoka wapi? Waswahili husema lisemwalo lipo, na safari hii kweli lipo: wa kwanza kulitaja hawakuwa watu wa mitandaoni. Walikuwa wanafizika wenyewe.

Shimo jeusi ni kitu kilichobanwa mno hata mwanga haupati kasi ya kutoka. Ukitaka kuifanya dunia hii iwe shimo jeusi, itabidi uibane yote, milima, bahari, Afrika na Ulaya, hadi itoshe ndani ya gololi. Naomba msomaji aitazame gololi kwa dakika moja. Ndiyo, uzito wote wa dunia ndani ya kitu cha kuchezea mtoto. Kwa hesabu za kawaida za uvutano, kugonganisha protoni mbili ili zifanye shimo la namna hiyo kunahitaji mtambo wenye nguvu mara trilioni nyingi kuliko huu wa Geneva. Uvutano ni dhaifu sana kwenye mambo madogo. Chukua sumaku ya mlango wa friji na msumari mdogo: dunia nzima inauvuta msumari chini, na kile kisumaku kinaunyanyua.

Udhaifu huo uliwasumbua wanafizika, na mwaka 1998 baadhi yao walitoa wazo: huenda uvutano si dhaifu, ila unavujia katika pande nyingine za anga ambazo hatuzioni. Kama ni hivyo, kwenye umbali mdogo kabisa ungekuwa na nguvu, na mwaka 2001 zikachapishwa hesabu kwamba mtambo wa Geneva ungeweza hata kutoa vishimo vyeusi vidogo mno, kimoja kila sekunde. Waliolisema hili hawakuogopa. Walikuwa na hamu navyo, kwa kuwa kishimo cha namna hiyo kingekuwa dirisha la kuzionea pande hizo. Na walijua kwamba, kwa hesabu ya mwanafizika Stephen Hawking ya mwaka 1974, kishimo kidogo hutoa joto, hupungua na kutoweka kabla hakijasafiri hata upana wa atomu.

Ndipo watu wakauliza: na kama Hawking alikosea? Hakuna aliyewahi kuliona shimo jeusi likiyeyuka. Hilo ni swali la haki kabisa, na nasikitika kwamba wengi walioliuliza walichekwa. Machi 2008 Walter Wagner na Luis Sancho walifungua kesi mahakamani Hawaii wakitaka kazi isimamishwe. Ilitupwa mwaka huohuo, na rufaa ikashindwa 2010. Barani Ulaya kundi lililokuwa na mkemia Mjerumani Otto Rössler lilipeleka ombi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nalo halikufaulu kuusimamisha mtambo. Wagner alikuwa amekwishaulizia hatari kama hiyo mwaka 1999, kuhusu mtambo wa Brookhaven kule Marekani.

Kilichoharibu mambo, kwa maoni yangu, ni neno moja: huenda. Mwanafizika amefundishwa asiseme "haiwezekani" kirahisi. Nadharia ya chembe yenyewe haimpi ruhusa hiyo, kwa sababu ndani yake karibu kila kitu kina uwezekano fulani, hata uwe mdogo kiasi gani. Kwa hiyo akiulizwa kama mtambo utaimaliza dunia, hujibu kwamba uwezekano ni mdogo mno usiofaa kuhesabiwa. Kwake hilo ni hapana iliyo nzito. Anayesikiliza barazani husikia kwamba uwezekano upo, nao wamekiri wenyewe. Jambo hili lina historia. Kabla ya bomu la kwanza la atomiki kulipuliwa New Mexico, Julai 1945, mwanafizika Edward Teller alikuwa ameuliza kama moto wake ungeweza kuiwasha hewa yote ya dunia. Mwenzake Hans Bethe alifanya hesabu akaonyesha kwamba hauwezi, kwa kuwa joto lingepotea upesi kuliko linavyozalishwa. Lakini kilichobaki midomoni mwa watu hadi leo ni lile swali la Teller. Hesabu ya Bethe haisimuliwi na mtu.

Basi kwa mwenye hofu, mimi siendi na uwezekano wala na jina la Hawking. Namwambia aukunjue mkono.

Mtoto aliukunjua, kiganja juu, chini ya kivuli cha baraza. Nikamwambia: hivi sasa, takriban kila sekunde, chembe moja inakupita kiganjani. Inaitwa muoni. Imezaliwa kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu, ikapasua hewa yote, ikapita dari la boriti na udongo wake, ikakupita mkono bila wewe kusikia kitu, na sasa iko chini ya sakafu. Alikaa akikitazama kiganja, kimya.

Muoni zile ni vipande vya migongano. Anga la juu lina chembe zinazosafiri tangu huko nyota zinakolipuka na kwingineko, nyingi zikiwa protoni tupu, sawasawa na zile za Geneva. Victor Hess, mwanasayansi wa Austria, ndiye aliyezigundua mwaka 1912 kwa kupanda na puto hadi zaidi ya kilomita tano juu na kukuta mionzi inaongezeka badala ya kupungua. Zikifika duniani zinagonga hewa, protoni kwa protoni, na vipande vyake vinatunyeshea usiku na mchana. Nyingi zina nguvu ndogo. Lakini zimo zinazopita mtambo wowote wa binadamu kwa mbali. Tarehe 15 Oktoba 1991, vyombo vilivyokuwa jangwani Utah, Marekani, vilinasa mgongano wa chembe moja yenye nguvu ya mpira wa besiboli uliorushwa kwa kilomita kama 100 kwa saa. Mpira mzima, ndani ya chembe moja! Mgongano wake na hewa ulizidi ile migongano ya Geneva zaidi ya mara hamsini.

Mwaka 2008 CERN ilitoa ripoti ya wanafizika watano waliopewa kazi ya kuipima hofu hii, na ndani yake kuna hesabu ninayoipenda. Walijiuliza: tangu dunia iumbwe, anga limeigonga mara ngapi kwa nguvu ya mtambo huu au zaidi? Jibu likawa kwamba anga limekwisha kufanya jaribio zima la Geneva, miaka yote ya kazi yake, kama mara laki moja hapa duniani pekee. Jua, ambalo ni kubwa zaidi, limegongwa zaidi mno. Na kwa ulimwengu wote unaoonekana, majaribio hayo hufanyika zaidi ya trilioni kumi kila sekunde. Dunia ipo. Jua ndilo hilo lililotua jana nyuma ya Changamwe.

Hii ndiyo sababu sisemi "uwezekano ni mdogo". Nasema jambo hilo limeshafanyika, hapa, juu ya mapaa yetu, kwa miaka zaidi ya bilioni nne.

Lipo pingamizi moja zuri, na sitaki kuliruka, kwa kuwa mwanafunzi makini hulifikia mwenyewe. Matatu mbili zikigongana uso kwa uso kwa mwendo mmoja, mabaki husalia palepale barabarani. Matatu ikigonga mkokoteni uliosimama, kila kitu husukumwa mbele. Geneva ni matatu mbili: kishimo kikizaliwa pale chaweza kubaki taratibu, kikanaswa na uvutano wa dunia. Chembe ya anga ni ile matatu na mkokoteni: protoni inakuja kwa kasi ya mwanga na kuigonga hewa iliyotulia, basi kishimo chake kingesukumwa mbele kwa kasi ileile, kikaipita dunia kama muoni na kuondoka. Kwa hiyo kuwepo kwa dunia peke yake hakutoshi kuwa ushahidi. Kishimo chenye chaji ya umeme kingenaswa hata hivyo, maana umeme wake ungeshikana na kila atomu njiani. Kisicho na chaji kingeponyoka.

Hapo wanafizika Steven Giddings na Michelangelo Mangano, katika utafiti walioutoa 2008, walitazama vitu vigumu kuliko dunia. Nyota ya ukubwa wa jua ikifa, hubaki kiini kilichojikusanya hadi kuwa na ukubwa wa dunia huku kikiwa na uzito wa karibu nusu ya jua au zaidi. Huitwa kibete cheupe. Chembe ya anga ikigonga kibete kizito, kishimo hakipati mlango wa kutokea: unene ule ungekisimamisha. Nyota nzito zaidi huacha nyota ya nyutroni, ambayo yote ni kama safari ya kutoka Likoni hadi Mtwapa kwa upana, na kijiko kimoja chake kina uzito wa zaidi ya tani bilioni moja. Kama vishimo hivyo vingekuwepo, visingeyeyuka, na vingekula upesi kiasi cha kuitisha dunia, basi nyota hizi zingekuwa zimekwisha kuliwa kitambo. Lakini tunaviona vibete vizito vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni mia moja, vizima. Hata tukimwondoa Hawking katika hesabu, jibu halibadiliki.

Na sisi watu wa pwani tuna sehemu katika habari hii, ingawa hatuisimulii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini upande wa Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina kwa ajili ya siku hiyo: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani. Kwa miaka miwili na kitu iliandika orodha ya vyanzo 339. Miongoni mwake kimo kimoja katika kundinyota la Centaurus kinachopiga kama mapigo ya moyo, pigo moja kila sekunde 4.8, ambacho ni nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya nyota mwenzake. Na vipimo vyake ndivyo vilivyosaidia kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza lililokubalika na wengi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hiyo mtoto wa Ngomeni, kijiji kilicho karibu na jukwaa lile, aliyetazama moto ule ukipaa juu ya bahari aliiona mianzo ya elimu inayomtuliza leo mtoto wa Kibokoni. Hili lingepasa kuwa katika kila kitabu cha shule cha Kenya.

Hofu nyingine nazipitia haraka. Ipo ya stranjileti, kipande cha maada ya kubuniwa ambacho kingegeuza kila atomu kinachoigusa. Mtambo wa Brookhaven umegonganisha viini vizito tangu mwaka 2000 bila kuona hata kimoja, na joto la migongano hiyo ni kali mno kwa kipande kama hicho kushikamana. Mwezi nao, ambao hauna hewa ya kuukinga, umepigwa na viini vya chuma vya angani kwa zaidi ya miaka bilioni nne, na ungali unaandama kila mwezi. Ipo pia hofu kwamba mgongano ungeweza kuifanya anga yenyewe ipoteze uthabiti wake. Jibu ni lilelile la kiganja: kama migongano ya nguvu hii ingetosha kuleta janga hilo, anga lingelileta zamani. Kuhusu madai kwamba CERN hufungua milango ya majini na kufanya ibada za siri, sanamu ya Shiva, mungu wa dini ya Kihindu, iliyopo pale ni zawadi iliyotolewa na India mwaka 2004, nchi inayoshirikiana nao kisayansi. Mtambo hauna uhusiano nayo.

Lile jambo la vishimo waliendelea kulitafuta. Mtambo ulipofikia migongano ya nguvu mpya mwaka 2010, timu ya chombo kiitwacho CMS ilichunguza picha zake, na kufikia Desemba ikatangaza kwamba haikuona dalili ya kishimo chochote. Wameendelea kuchunguza kila nguvu ilipopandishwa, na jibu limebaki lile. Ilielekea zile pande za ziada za anga, kama zipo, hazifunguki kwa kiwango hiki. Kuna wanafizika walioumia moyo kwa matokeo hayo.

Mpango wa mbele ni mtambo mkubwa zaidi, wenye mzunguko wa kilomita 91, unaofikiriwa kujengwa hapohapo Geneva katika miongo ijayo. Video zitarudi, nina hakika. Ile chembe ya Utah ya mwaka 1991 itakuwa bado imeupita kwa mbali.

Jumanne ile, tarehe 5, nilirudi mapema, tukaketi naye barazani na simu yangu. CERN walikuwa wakirusha matangazo moja kwa moja. Saa kumi na mbili kasorobo hivi kwa saa zetu, skrini zilizokuwa nyeusi zikajaa mistari ya rangi iliyotawanyika kutoka katikati, watu wakapiga makofi. Ilikuwa nguvu ambayo haikuwahi kufikiwa na mtambo wowote. Yeye alikuwa ameukunjua mkono juu ya goti, kiganja juu.

"Ami, tayari?"

"Tayari, mwanangu."

Akatazama njia, pale muuza mihogo alipokuwa akitia makaa, kisha akaniuliza kama hawakupata kishimo, sasa wanatafuta nini. Nikamwambia kuna maada angani ambayo hakuna aliyeiona, na ni nyingi kuliko nyota zote pamoja. Tunaijua kwa uvutano wake tu. Akauliza kama na hiyo yapita mkononi. Nikamwambia yamkini yapita, ila hakuna chombo kilichowahi kuinasa.

Halafu akasimama kwenda kumwita mamake. Fundi alikuwa bado hajafunga.